Bukavu: Laini ya simu ya ofisi inapokatika, kosa liko upande wa nani?

Mvua ya mchana inaposhuka Bukavu, kuna ofisi ambazo wafanyakazi wake wanajua mapema kitakachofuata. Sauti kwenye simu inaanza kukwaruza, maneno yanaruka, kisha taa ndogo ya kijani kwenye sanduku la ukutani inageuka nyekundu na simu zote zinanyamaza mara moja. Sekretari anachukua telefone yake ya mkononi na kupigia kampuni ya simu. Anajibiwa kwamba rezo ni nzima, kosa liko kwa mteja. Fundi wa ofisi naye anaapa kwamba vyombo vyake ni vizima, kosa liko kwa kampuni. Siku inapita, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na simu bado ziko kimya.

Mabishano ya namna hii yana bei. Laini zinazobeba mazungumzo mengi kwa mara moja zinatumiwa na hospitali, benki, hoteli, vyuo na mashirika ya misaada. Zinapoanguka, familia inayomtafuta mgonjwa wake haipati mtu wa kujibu, na mteja wa benki aliyeibiwa kadi hapati namna ya kuifunga. Mwisho wa mwezi abonema inalipwa vilevile. Mara nyingine ofisi inachoka, inanunua santrali mpya ya simu kwa dola nyingi, na wiki mbili baadaye kosa linarudi, kwa sababu santrali haikuwa na shida yoyote.

Laini ya simu ya kidijitali ina sifa moja ambayo laini za zamani hazikuwa nayo: inajihesabia makosa yake yenyewe. Anayejua kusoma hesabu hiyo anaweza kusema kosa liko sehemu gani ya njia, mara nyingi kwa muda usiozidi saa moja, akiwa na daftari, kalamu, na kiziba kimoja cha waya ambacho fundi anaweza kujitengenezea mwenyewe.

Mazungumzo 30 kwenye laini moja

Laini inayozungumziwa hapa mafundi wanaiita E1. Wazo lake ni la zamani. Mwingereza Alec Reeves, aliyekuwa akifanya kazi Paris, aliomba hati ya uvumbuzi nchini Ufaransa mwaka 1938 kwa namna ya kugeuza sauti kuwa namba. Mwaka 1962 kampuni ya Bell ya Marekani ilianza kutumia laini ya kidijitali iliyobeba mazungumzo 24 kwa mara moja. Ulaya ikachagua kipimo chake cha mazungumzo 30, na Congo, kama nchi nyingi za Afrika, inafuata kile cha Ulaya.

Kazi yake inafanyika hivi. Sauti ya kila mzungumzaji inapimwa mara 8.000 kwa sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 8. Hiyo ni biti 64.000 kwa sekunde kwa mtu mmoja. Laini ina nafasi 32 za namna hiyo, zinazopita moja nyuma ya nyingine kama mabehewa ya treni, na jumla yake ni biti 2.048.000 kwa sekunde. Nafasi 30 zinabeba sauti. Nafasi ya kwanza, inayoitwa namba 0, inamsaidia anayepokea kujua treni inaanzia wapi. Nafasi namba 16 inabeba maagizo: nani anapiga, anatafuta namba gani, nani amekata.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Waya wa simu wa zamani ukiharibika, mtu mmoja anakosa simu. E1 ikiharibika, watu 30 wanakatika kwa mara moja. Na kama nafasi namba 16 peke yake ndiyo yenye shida, taa inaweza kubaki ya kijani huku hakuna simu hata moja inayoingia wala kutoka.

Bukavu ina hali yake pia. Nyaya za shaba za shirika la serikali OCPT, ambalo leo linaitwa SCPT, zilioza au ziliibwa katika miaka ya shida na ya vita, sawa na katika sehemu nyingi za nchi. Simu za mkononi zilipoenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, rezo mpya ilijengwa juu ya vilima, kwa antena. Kwa hiyo laini ya ofisi katika Ibanda au Kadutu mara nyingi haipiti chini ya ardhi. Inatoka kwenye mnara ulio kilimani, inapita hewani, inafikia antena ndogo juu ya paa, na kushuka kwa waya hadi ndani.

Njia ya sehemu tano

Mbele ya kutafuta kosa, fundi anapaswa kuchora njia yote kwenye karatasi. Kwa ofisi ya kawaida, njia hiyo ina sehemu tano: santrali ya simu ya ofisi, waya mfupi unaotoka santrali hadi kwenye sanduku la kampuni, sanduku lenyewe, waya wa kupanda juu ya paa pamoja na antena, na mwisho ni safari ya hewani hadi mnara wa kampuni.

Sehemu mbili za kwanza kwa kawaida ni mali ya mteja. Zile tatu za mwisho ni za kampuni. Mpaka kati yao uko kwenye tundu ambamo waya wa ofisi unaingia katika sanduku la kampuni. Swali lote la nani alipe linajibiwa kwenye tundu hilo. Ni vema liandikwe katika mkataba, na libandikwe karatasi yenye jina la laini, ili fundi wa usiku asichomoe laini isiyo yake.

Herufi zinazoonekana kwenye kioo cha santrali

Santrali nyingi zinaonyesha hali ya laini kwa herufi chache. Watu wengi wanaona herufi hizo, wanasema tu kwamba "kuna alarme", halafu wanazima na kuwasha. Lakini kila moja ina maana yake.

LOS ni kimya kamili: hakuna kitu kinachoingia kabisa. Waya umechomoka, sanduku la kampuni limezimika, au waya wa kupokea umewekwa mahali pa waya wa kutuma.

LOF maana yake kitu kinaingia, lakini santrali haioni mwanzo wa treni. Mara nyingi pande mbili hazikupangwa sawa: mmoja anatumia hesabu ya ukaguzi inayoitwa CRC-4, mwenzake haitumii. Inaweza pia kuwa laini imechafuka kupita kiasi.

AIS ni ujumbe kutoka kwa sanduku la kampuni. Linaposhindwa kusikia mnara, sanduku linatuma alama ya "1" mfululizo, ni kama kusema: mimi niko hai, lakini aliye nyuma yangu amepotea. Fundi wa ofisi akiona AIS, anajua kwamba waya wake wa kupokea unafanya kazi, na kosa liko mbele zaidi. Hapo hana sababu ya kufungua santrali.

RAI ni kinyume chake. Ni mnara unaosema: ninyi mnanisikia, lakini mimi siwasikii. Kosa liko kwenye upande wa kutuma, na mahali pa kwanza pa kuangalia ni waya wa kutuma unaotoka santrali.

Taa ikibaki ya kijani na simu bado zinakwaruza, ni wakati wa kusoma hesabu za makosa. Vyombo vingi vinaziweka kwa vipindi vya dakika 15 na kuzihifadhi kwa saa 24, yaani vipindi 96. Hapa ndipo kosa kubwa la mafundi wengi linapotokea: wanazima na kuwasha santrali mbele ya kusoma, na ushahidi wote unafutika.

Kuna hesabu mbili za kulinganisha. Ya kwanza inahesabu makosa ya namna umeme ulivyopigwa kwenye waya. Kila sanduku linalopokea laini linaandika upya alama zake mbele ya kuzipitisha, kwa hiyo hesabu hii inazungumzia tu kipande cha waya kilicho karibu. Ya pili ni CRC, ambayo inasafiri na treni kutoka mwanzo hadi mwisho. Hesabu ya kwanza ikipanda, kosa liko kwenye waya wa ndani ya ofisi au kwenye vichwa vyake. CRC ikipanda peke yake na ile ya kwanza ikibaki sifuri, waya wa ofisi ni safi na kosa limetoka mbali.

Kiziba cha waya mbili

Hesabu zikionyesha upande mmoja, bado ni lazima kuthibitisha. Njia ya mafundi ni kitanzi: kurudisha kwa santrali kile ilichotuma yenyewe, kama mtu anayeita mbele ya mlima ili asikie sauti yake.

Kwenye kichwa cha RJ45 cha E1, jozi moja ya waya iko kwenye pini 1 na 2, na jozi nyingine kwenye pini 4 na 5. Kiziba cha kitanzi kinaunganisha pini 1 na 4, kisha 2 na 5. Fundi anakipenda kwa sababu hakina betri wala bei. Kwa laini inayotumia waya wa koaksiali, kipande kifupi kinachounganisha tundu la kutuma na la kupokea kinatosha.

Kazi inafanywa nje ya saa za wateja, maana kila kitanzi kinakata simu zote. Mbele ya kuanza, santrali inapangwa kwa muda itumie saa yake ya ndani. Kisha inafuatwa hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza, kiziba kinawekwa moja kwa moja kwenye tundu la santrali. Alarme ikipotea, tundu la santrali ni zima. Ikibaki, kosa limepatikana: ni santrali au kadi yake.

Hatua ya pili, waya unarudishwa, na kiziba kinawekwa kwenye mwisho wake, kule unakoingia katika sanduku la kampuni. Alarme ikirudi sasa, waya ndio mbovu. Ikipotea, upande wote wa mteja umepita mtihani.

Hatua ya tatu inahitaji simu kwa kampuni. Fundi wao anaweza, akiwa mbali, kuliamuru sanduku lirudishe alama kwa ofisi, kisha kuamuru mnara ufanye vilevile. Kila mara kitanzi kinasogea mbele sehemu moja. Sehemu ambapo makosa yanatokea kwa mara ya kwanza ndiyo yenye ugonjwa.

Kila kitanzi kiachwe dakika 15 nzima. Katika muda huo biti zaidi ya bilioni 1,8 zinapita. Kosa linalokuja mara moja kwa dakika tano haliwezi kujificha, wakati mtihani wa sekunde kumi ungelipitisha bila kuliona. Wakati wa kitanzi simu hazitapigika, kwa kuwa santrali inasikia maagizo yake yenyewe yakirudi. Hilo ni la kawaida, lisimtishe mtu. Kazi ikiisha, kiziba kinatolewa na saa inarudishwa kama ilivyokuwa. Anayesahau hilo la mwisho anajitengenezea kosa jipya.

Saa mbili zisizopatana

Kosa hilo jipya ndilo linalowachosha mafundi kuliko yote, kwa sababu kila kitu kinaonekana kizima. Taa ni ya kijani, CRC ni sifuri, waya ni mpya. Lakini ndani ya simu kunasikika "tak", kisha "tak" nyingine sekunde chache baadaye, na faksi au mashine ya kadi za benki inashindwa kila mara.

Mfano wake uko kwenye bandari za ziwa Kivu. Mbebaji mmoja anapitisha mifuko kutoka kwenye mtumbwi, mwingine anaipokea na kuipanga. Kama anayepitisha ni mwepesi kidogo kuliko anayepokea, mifuko inajaa mikononi mpaka mmoja unaanguka. Kama ni mzito kidogo, anayepokea ananyoosha mikono na kukuta hakuna kitu. Kwenye E1, mfuko unaoanguka ni fremu nzima ya biti 256, sawa na sehemu ya 8.000 ya sekunde. Mafundi wanauita mtelezo.

Hesabu yake ni rahisi. Saa ya ndani ya chombo cha bei nafuu inaweza kukosea kwa sehemu 50 katika milioni. Fremu zikiwa 8.000 kwa sekunde, hiyo inafanya mtelezo mmoja kila sekunde mbili na nusu. Kampuni za simu zinatumia saa sahihi mno, nyingine zikipata wakati kutoka kwa setilaiti za GPS. Saa mbili za daraja la juu kabisa zinatakiwa kukosana mtelezo mmoja tu kwa siku kama 70.

Kanuni inayotoka hapo ni fupi: katika laini moja anakuwepo mwenye saa mmoja tu, na ni kampuni. Santrali ya mteja inapaswa kufuata saa inayoingia kwenye laini. Ofisi yenye laini mbili za kampuni mbili inachagua moja kuwa ya kwanza na nyingine ya akiba. Mitelezo ikihesabiwa bila CRC kupanda, fundi asiguse waya. Aende kwenye ukurasa wa mipango ya saa.

Mvua, radi na ardhi

Makosa mengine yanaletwa na mahali penyewe. Mwaka 2016 watafiti walitoa orodha ya sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani, kwa kutumia miaka 16 ya takwimu za setilaiti. Ya kwanza ilikuwa ziwa Maracaibo la Venezuela, lenye mimweko karibu 233 kwa kilometa moja ya mraba kila mwaka. Ya pili, na ya kwanza Afrika, iko mashariki ya Congo, upande wa magharibi wa milima ya Kivu, yenye karibu 205. Bukavu inaishi pembeni mwa jirani huyo.

Radi haina lazima ya kupiga antena ili iharibu laini. Ikianguka karibu, inasukuma umeme ndani ya nyaya zote ndefu. Kama antena imefungwa kwenye waya wake wa ardhi na santrali kwenye mwingine, tofauti kati ya ardhi hizo mbili inatafuta njia, na njia iliyo wazi ni waya wa E1. Ndiyo maana ardhi zote za jengo zinapaswa kuunganishwa kuwa moja. Na kwa kuwa udongo unakauka kati ya mwezi wa sita na wa nane, waya wa ardhi uliopimwa kwenye matope ya mwezi wa nne unaweza kuwa dhaifu kwenye vumbi la mwezi wa saba. Ni vema upimwe wakati wa kiangazi, mbele ya mvua za mwezi wa tisa.

Umeme wa SNEL unaongeza yake. Kila unapokatika na jenereta kuwaka, vyombo vinapata mshtuko. Makosa yanayotokea dakika ileile ya kubadilisha umeme yanaonyesha onduleri iliyochoka au ardhi mbovu, na kampuni ya simu haiwezi kuyatengeneza.

Kuhusu safari ya hewani, kipimo cha kuangalia ni nguvu ya alama inayopokelewa, ambayo sanduku la kampuni linaiandika. Ikishuka wakati wa mvua kubwa na kurudi mvua inapokwisha, ni mvua yenyewe inayomeza mawimbi. Jambo hilo linaumiza zaidi viungo vya gigahezi 18 au 23 kuliko vya 7 au 8. Ikishuka wakati wa mvua na kurudi baada ya siku mbili tatu za jua, maji yameingia kwenye kichwa cha waya juu ya paa. Ikishuka na isirudi tena, antena imesogezwa na upepo, au kuna kitu kimesimama njiani. Katika mji ambao nyumba za ghorofa zinapanda kila mwaka juu ya vilima vyake, ukuta mpya wa jirani unaweza kuziba njia ambayo ilikuwa wazi wakati laini ilipofungwa.

Waya usiofaa mahali pasipofaa

Kosa la kawaida zaidi, hata hivyo, linaweza kuwa chini ya meza. Kichwa cha E1 kinafanana kabisa na kile cha rezo ya kompyuta, na mtu anayehamisha samani anarudisha waya wowote anaoukuta. Waya wa kawaida ulionyooka unafanya kazi. Waya wa kompyuta uliogeuzwa haufai, kwa sababu unageuza pini za kompyuta ambazo ni tofauti na za E1. Kwa E1 iliyogeuzwa, 1 inakwenda kwa 4 na 2 kwa 5.

Tatizo lingine ni kuunganisha waya wa koaksiali wa omu 75 na jozi ya omu 120 bila kifaa cha katikati. Laini inaweza kuwaka, hata kubeba simu, lakini makosa hayaishi. Panya, vichwa vilivyofungwa kwa mkanda, na waya wa simu uliolazwa sambamba na waya wa umeme vinakamilisha orodha.

Daftari mbele ya pesa

Kwa ofisi isiyo na fundi wa kudumu, chombo kinachosaidia zaidi ni daftari la makosa. Kila mara laini inapokatika, yeyote aliyepo anaandika mambo matano: siku na saa, hali ya hewa, umeme uliokuwa ukitumika, herufi zilizoonekana, na hesabu za makosa mbele ya kuzima chochote. Baada ya wiki mbili, ukurasa unaanza kusema wenyewe. Makosa ya mchana wa mvua yanaelekeza kwenye antena. Makosa ya dakika ya jenereta yanaelekeza kwenye umeme. Makosa ya kila sekunde chache, mchana na usiku, yanaelekeza kwenye saa. Makosa yaliyoanza siku moja na hayajaisha yanauliza: siku ile nani aligusa nini?

Daftari hilo ni silaha ya mteja pia. Kampuni ikipokea malalamiko kwamba "simu inasumbua", inaweza kuyaweka chini ya rundo. Ikipokea barua inayosema kwamba tarehe fulani, kati ya saa 8 na saa 9 mchana, CRC ilipanda huku makosa ya waya wa ndani yakibaki sifuri, na kwamba kitanzi kwenye tundu la mpaka kilipita dakika 15 bila kosa, ni vigumu kumrudisha mteja nyumbani mikono mitupu. Kuna pia kipimo kinachokubalika kimataifa: laini ikipitisha sekunde kumi mfululizo zenye makosa mazito, inahesabiwa kuwa haipo. Muda huo ndio wa kudai kulingana na mkataba.

Mazungumzo yakishindikana, nchi ina mamlaka ya kusimamia kazi hiyo, ARPTC, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2002. Sheria mpya ya mawasiliano ilitolewa tarehe 25 Novemba 2020. Mlango huo unafunguka vizuri zaidi kwa anayefika na tarehe na hesabu mkononi.

Kwa usalama, kuna mambo ambayo fundi wa ofisi hapaswi kuyafanya. Asipande juu ya paa wakati mawingu yamekusanyika. Asiguse nyaya za antena radi inaponguruma, hata akiwa ndani. Asifungue sanduku la kampuni, kwani akifanya hivyo mpaka wa nani alipe unapotea siku hiyohiyo.

Njia ya E1 inaachwa kidogo kidogo. Kampuni nyingi duniani zinahamisha simu za ofisi kwenye intaneti, ambako sauti inakatwa katika pakiti na kupita pamoja na barua pepe. Huko herufi za alarme ni nyingine, na badala ya mitelezo kuna pakiti zinazopotea au kuchelewa. Lakini antena bado iko juu ya paa, umeme bado unakatika, na sanduku la kampuni bado lina tundu moja ambapo kazi ya mteja inaishia. Ofisi inayojiandaa kuhama inaweza kuanza na kazi ndogo ya leo: kulitafuta tundu hilo, kubandika karatasi yenye jina la laini, na kufungua ukurasa wa kwanza wa daftari mbele ya mvua ijayo.